Uliza Fundi: Lumeni za kwenye boksi na giza la sebuleni

Mwezi huu barua nyingi zimeulizia kitu kimoja: projekta ya kuangalizia filamu nyumbani, ya bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaiweza. Nimezichambua nikabakiza sita. Kwa wasomaji wapya, ujana wangu niliumalizia kwenye chumba cha mashine cha sinema moja ya Tanga nikirusha filamu za milimita 35, na sinema zilipofungwa nikahamia kutengeneza projekta za maofisini na za majumbani hapa Dar. Sina duka la kuuza, kwa hiyo sina sababu ya kumsifia mtu mzigo wake.

Shikamoo fundi. Naishi Tabata, nyumba ya kupanga, sebule ya mita nne kwa tatu na nusu. Nina laki nne na nusu. Kariakoo nimeonyeshwa vitu viwili. Cha kwanza ni projekta ndogo nyeupe, mpya, boksi limeandikwa 4K, lumeni 9,000, Android ndani kwa ndani, laki mbili na themanini. Cha pili ni Epson ya ofisini iliyotumika, lumeni 3,000, haina Android wala nini, wanataka laki nne. Muuzaji ananiambia ile ndogo ina mwanga mara tatu ya ile ya ofisini. Mke wangu anasema tununue TV tuachane na mambo haya. Nani yuko sahihi? – Baba wa wawili, Tabata

Marahaba. Mkeo ana hoja, nitamfikia. Muuzaji hana.

Tuanze na hiyo 9,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga, ila inategemea umepimia wapi. Kiwango cha kueleweka kinapima mwanga ukishatoka kwenye lenzi na kufika ukutani: picha nyeupe inagawanywa sehemu tisa, kila sehemu inapimwa, unachukua wastani. Mashine iliyopimwa hivyo huandikwa "ANSI lumens", na siku hizi nyingine huandikwa "ISO lumens". Boksi lako limeandikwa lumeni tupu, bila ANSI wala ISO. Maana yake wamepimia kwenye taa yenyewe kabla mwanga haujapita popote, au hawajapima kabisa wameandika namba inayovutia.

Ndani ya hizo projekta ndogo mna taa moja nyeupe ya LED na kioo kimoja cha LCD, jamaa wa kioo cha simu ya zamani. Mwanga lazima upenye kioo hicho, na kioo kinaumeza: kinachopita upande wa pili ni chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo hata taa ingekuwa ya kweli, ukutani hufika kidogo tu. Mashine nyingi za aina hiyo zinazopita mezani kwangu zinacheza kwenye lumeni 150 hadi 300 za ANSI.

Kuna namna ya kumshika muuzaji bila kipimo chochote. Igeuze mashine, soma stika ya chini au ya kwenye adapta, tafuta wati. Utakuta 60, pengine 80. Taa ya kawaida ya LED hutoa lumeni kama 100 kwa kila wati. Wati 60 zote zikienda kwenye taa, feni isizunguke, spika isitoe sauti, Android isiwake, unapata 6,000, tena kabla ya kile kioo. Elfu tisa itoke wapi? Ukimuuliza hivyo atabadilisha mazungumzo akuonyeshe rimoti.

Sasa usiidharau moja kwa moja. Lumeni 200 za kweli si haba, inategemea unazitandaza kwenye ukuta wa ukubwa gani. Chukua lumeni za ANSI, gawa kwa eneo la picha kwa mita za mraba, kisha gawa tena kwa 3.14. Jibu linaitwa niti. Sinema za kidijitali duniani zimejiwekea kiwango cha niti 48 kwa weupe wa kwenye skrini, na kule watu wanalipa kiingilio wanatoka wameridhika. Picha ya inchi 60 ina upana wa mita 1.33 na kimo cha sentimita 75, yaani mita moja ya mraba. Lumeni 200 hapo zinakupa niti 64 hivi, umewapita wenye sinema. Itanue picha hiyohiyo ifike inchi 100, mita 2.21 kwa 1.25, unabaki na niti 23. Nyuso za watu zinageuka vivuli, na vita vya usiku utavifuata kwa masikio. Muuzaji dukani anakuonyesha inchi 40 ndani ya boksi lililopakwa rangi nyeusi. Ndiyo maana pale inang'aa.

Ile 4K nayo. Uliza neno "native", ndilo linalotaja pikseli, yaani nukta za picha, zilizopo kweli kwenye kioo. Kama limeandikwa "4K supported", maana yake mashine inakubali kupokea picha ya 4K kisha inaibana kwenye kioo chake, ambacho chaweza kuwa pikseli 1280 kwa 720, au hata 800 kwa 480. Jaribu hivi: chomeka kompyuta, fungua ukurasa wenye maandishi madogo, soma katikati kisha soma kwenye kona nne. Kioo chenye pikseli chache kitakupa herufi zenye meno. Lenzi mbovu itakupa katikati safi na kona zenye ukungu, na ukungu huo hauondoki hata uzungushe fokasi mpaka kesho.

Twende kwenye ya ofisini. Epson za aina hiyo zina vioo vitatu vya LCD, kimoja chekundu, kimoja kijani, kimoja bluu, na lumeni 3,000 zao ni za kupimwa. Lakini 3,000 ni siku ilipotoka kiwandani. Saa za maisha ya taa zinazotajwa kwenye kitabu ni saa za kufikia nusu ya mwanga wake wa mwanzo, kwa hiyo wewe hesabu 1,500. Kisha angalia umbo. Projekta nyingi za ofisini ni XGA, pikseli 1024 kwa 768, zimetengenezwa kwa ajili ya kurasa za mikutano na si kwa filamu. Picha ya filamu ni pana na fupi kwa kimo, hivyo juu na chini vinabaki viukanda vitupu na robo ya mwanga inaangukia huko bila kazi. Hata baada ya makato yote hayo, kwenye inchi 100 bado utakuwa na niti 130 hivi. Kwa mwanga peke yake haina mpinzani hapo. Kwa ukali wa picha, inchi 100 kwa pikseli 1024 ukikaa karibu utaziona nukta. Kama ile iliyopo dukani ni WXGA, 1280 kwa 800, nafuu zaidi.

Ya mtumba haichukuliwi kwa kuiona inawaka. Iache iwake nusu saa, kaa nayo, mengine yote hujitokeza ikishapata moto. Ingia kwenye menyu, sehemu ya Info, usome saa za taa. Ukikuta saa 12 kwenye mashine iliyochubuka kila kona, ujue kihesabio kimerudishwa sifuri. Kwenye menyu kuna sehemu ya kufanya hivyo, imewekwa kwa ajili ya mtu aliyebadilisha taa. Weka ukurasa mweupe mtupu. Doa la njano au la bluu lisilohama ni kioo kilichoungua, na hapo hakuna fundi, mrudishie mwenyewe. Kama ni mashine ya DLP, inayorusha picha kwa vioo vidogo sana vya kuakisi badala ya LCD, weka ukurasa mweusi utafute vidoti vyeupe. Kikiwepo kimoja, kabla ya mwaka vitakuwa anga zima la nyota, kwa sababu vioo vidogo vya kwenye chipu vimeanza kukwama. Kisha chungulia lenzi kwa tochi ya simu: vumbi linapulizwa, lakini utando wenye mizizi ni kuvu, ugonjwa wa pwani.

Na kabla hujatoa pesa ulizia bei ya taa mpya. Za Epson zina namba inayoanza na ELPLP, imeandikwa kwenye taa yenyewe. Taa feki zipo tele, zinawaka, zinachoka haraka, nyingine zinapasuka. Ndani zina zebaki, kwa hiyo ikipasuka zima mashine, fungua madirisha, toka na watoto. Jingine ni umeme. Taa hizi zinatakiwa zikizimwa feni iendelee kuzunguka mpaka zipoe. LUKU ikiisha katikati ya picha feni inasimama na joto linabaki palepale kwenye taa. Yenye taa ya hivyo itafutie UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, hata ndogo. Ile nyeupe ya LED haina shida hiyo, na inakula umeme kidogo: filamu ya saa mbili kwa wati 60 ni sehemu ya nane ya uniti, wakati ya ofisini yenye wati 280 inakula zaidi ya nusu uniti.

Sasa mkeo. Mwulize anataka kuangalia nini na saa ngapi. Kama ni taarifa ya habari, katuni za asubuhi, na Simba na Yanga saa kumi na moja jioni madirisha yakiwa wazi na majirani wamejaa mpaka mlangoni, yuko sahihi kabisa, chukueni TV ya inchi 43. Hakuna projekta ya laki nne itakayoshinda jua la Dar. Kama ni filamu za usiku, watoto wamelala, mapazia yamefungwa, TV ya pesa hiyo haitakupa ukubwa huo.

Mimi ningekuwa na pesa yako nisingechukua hata moja kati ya hizo mbili kwa haraka. Epson ningeichukua ikiwa ni WXGA na imepita majaribio yote. Ikiwa ni XGA yenye taa iliyochoka, ningetafuta projekta ndogo mpya iliyoandikwa wazi "native 1920x1080" na "ANSI" ya 200 hadi 400, yenye sehemu ya ndani iliyozibwa vumbi lisiingie, na ningeridhika na picha ya inchi 70 au 80. Anayeandika namba ndogo kwenye boksi lake amejinyima wateja wengi. Huyo ndiye wa kumsikiliza.

Fundi, habari za kazi. Nimenunua projekta ya ANSI 300, full HD. Nimetundika shuka jeupe la kitanda. Picha imepauka, na jirani aliyekaa barazani upande wa pili wa dirisha anaiona vizuri kuliko sisi wa ndani! Skrini ya dukani bei yake nusu ya projekta. Kuna ujanja? – Mwalimu wa sekondari, Mwanza

Nzuri, mwalimu. Jirani anafaidi mwanga wako. Shuka ni kitambaa chepesi, sehemu kubwa ya mwanga inapenya inaenda kwake, na kidogo kinachobaki ndicho kinarudi kwenu. Na ukiwasha feni picha inacheza yenyewe.

Ukuta ndio skrini ya maskini na tajiri. Chagua ukuta usiopigwa na mwanga wa dirisha, upige wall putty, usugue kwa msasa mpaka kiganja kikipita hakikwami, kisha rangi ya maji nyeupe isiyong'aa. Ukifika dukani sema "mati", usikubali "silk". Silk inateleza vizuri na inafutika madoa, mama wa nyumba wanaipenda, lakini ukiwasha projekta utaona duara la mwanga katikati linalokufuata kila unapokaa. Kama nyumba si yako, nunua kitambaa cha kuzuia mwanga kinachowekwa nyuma ya mapazia, kile chenye upande mweupe wa kama mpira. Kibane kwenye fremu ya mbao kikakamae. Hakipenyezi, jirani atarudi kwake.

Halafu zungushia ukingo mweusi, upana wa vidole vinne, rangi au kitambaa cheusi kisichong'aa. Watu wanadhani ni urembo. Projekta haina rangi nyeusi, mwalimu. Inaweza kurusha nyekundu, kijani, bluu na zote kwa pamoja zikawa nyeupe, lakini hakuna mwanga mweusi. Weusi unaouona kwenye filamu ni ukuta wako ulivyo wakati haujaangaziwa. Ukiacha taa ya jikoni inawaka na mlango uko wazi, nyeusi yako ni ukuta wenye mwanga wa jikoni, yaani kijivu, hata ununue mashine ya milioni tano. Ndiyo sababu picha yako imepauka, kuliko hata shuka.

Kule Tanga kuta za ukumbi zilikuwa za rangi ya damu ya mzee, dari nyeusi, na pembeni ya skrini mahameli meusi. Hakuna aliyefanya vile kwa kupenda giza. Picha nyeupe ikimulika ukumbi mweupe, mwanga unagonga dari, unarudi kwenye skrini na kuosha picha. Sebule yako bila shaka ina dari nyeupe pee na kuta za krimu. Huwezi kuipaka rangi nyeusi ukabaki na ndoa, lakini mita moja ya kwanza kutoka kwenye skrini, pande zote mbili, tundika pazia la rangi iliyokolea. Ni vitenge viwili tu.

Kwa Mwanza nakuongezea moja. Vile vidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi vinapenda mwanga, na mwanga mkali kuliko yote chumbani ni lenzi yako. Feni inavivuta ndani. Vikianza kuja, funga madirisha, na chujio la pembeni ulisafishe kwa brashi laini kila baada ya wiki chache. Usilizibe kwa kitambaa, mashine itakosa hewa.

Shikamoo fundi. Nikiweka flashi kwenye projekta, filamu nyingine zinatoa picha na sauti, nyingine picha tu, sauti hakuna kabisa. Na kuna zile kubwa flashi inakataa hata kuzipokea. Projekta ni mbovu? – Kijana, Ubungo

Marahaba, kijana. Nzima.

Sauti ya filamu nyingi imefungwa kwa mfumo wa Dolby, utauona kwenye jina la faili kama AC3, DDP au EAC3. Kwa kawaida mtengenezaji wa kifaa hulipia leseni ili kifaa kiufungue, na mwenye projekta ya bei chee hakulipa. Zilizo na sauti ya AAC zinapita bila tatizo. Ukiwa na kompyuta, programu ya HandBrake ni ya bure, inabadilisha sauti kwenda AAC. Au usihangaike: cheza filamu kwenye kompyuta, tumia waya wa HDMI, sauti ifunguliwe na kompyuta yenyewe.

Flashi inayokataa faili kubwa imefomatiwa FAT32, ambayo haibebi faili la kuzidi GB 4. Jaribu kuifomati exFAT, au NTFS kama projekta haiisomi exFAT. Toa vitu vyako kwanza.

Na kwa kuwa mko wengi mnaoulizia spika: ya ndani ya projekta ni ya kusikia kama mashine imewaka. Chukua sabufa uliyonayo nyumbani, tumia waya wa AUX. Bluetooth inachelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde, kidogo sana, lakini inatosha mtu afunge mdomo ndipo neno litoke. Kwa muziki huoni tofauti, kwa filamu utachanganyikiwa.

Fundi, salaam kutoka Mombasa. Nilinunua projekta yenye Android ndani. YouTube yafanya kazi, Netflix yakataa. Kijana mmoja akanitilia Netflix ya njia za pembeni, ikafunguka, lakini picha yaja chafu utadhani ni kanda ya zamani. Nalipia kila mwezi. Shida ni stima ndogo ama intaneti? – Mama Kisauni

Salaam, mama. Si stima wala intaneti. Netflix inakagua kifaa kabla ya kukipa picha safi. Ulinzi wanaoutumia kwenye Android unaitwa Widevine na una ngazi: kifaa kilichothibitishwa kinapata ngazi ya L1, kisichothibitishwa kinaangukia L3 na kinapewa picha ya mistari 480 tu, hata uwe na intaneti ya kasi namna gani. Android ya projekta yako ni ya kuokota, haikupita ukaguzi. Na hiyo programu ya njia za pembeni umeandika humo nenosiri lako, kwa hiyo ifute kisha ubadilishe nenosiri.

Dawa yake ni kijiti cha HDMI kilichothibitishwa, cha Google TV au cha Fire TV. Kinachomekwa nyuma, unasahau kabisa kwamba projekta ina Android. Umeme wake utoe kwenye chaja ya ukutani, usiutoe kwenye tundu la USB la projekta, mara nyingi hautoshi na kijiti kinazima katikati. Ndiyo maana huwa nawaambia watu msilipie Android ya ndani. Pesa hiyo iende kwenye lenzi na mwanga.

Assalaam alaykum fundi. Niko Maskati, Julai nakuja nyumbani Unguja. Nataka kumletea mama projekta atazame tamthilia zake uani na wajukuu. Hapa kuna ndogo zenye betri ndani na kubwa za taa. Umeme utakubali? – Mwana wa Malindi

Wa alaykum salaam. Umeme hauna tofauti ya kukutia wasiwasi: Oman ni volti 240, kwetu 230, mzunguko 50 huko na huku, na plagi ni ileile ya meno matatu bapa. Soma tu adapta iwe imeandikwa 100–240V.

Yenye betri ibebe mkononi, usiiweke kwenye sanduku la kupakiwa chini ya ndege. Betri za lithiamu inashauriwa zikae karibu na abiria, na hadi saa-wati 100 (Wh) unaruhusiwa kuingia nayo bila kibali. Ila ukiitumia kwa betri huwa inajipunguzia mwanga ili ifikishe filamu moja. Uani chomeka waya.

Uani Unguja mwezi wa Julai jua linazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mpaka watu watoke msikitini Isha giza limeshakaa sawa. Adui wako ni upepo. Kusi inavuma, shuka litageuka tanga la jahazi. Tumia ukuta wa ua, upakwe chokaa upya. Chokaa haing'ai na ni nyeupe sana, inafaa kuliko watu wanavyodhani. Unyevu wa pwani nao huleta kuvu kwenye lenzi, hivyo ikimaliza kazi iingie ndani, kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Ndogo nyingi zenye betri ni DLP, vioo vidogo vinavyorusha rangi moja baada ya nyingine kwa kasi. Wapo watu wanaoona mmemeto wa rangi kila wakipepesa macho, kichwa kinawauma. Mama huwezi kumpima kwa simu, lakini wewe ukiwa dukani weka maandishi meupe kwenye ukurasa mweusi, tupa macho haraka kushoto na kulia. Usipoona kitu, angalau mmoja wa damu yenu amepita.

Swali ambalo hukuniuliza: tamthilia zake zinaanza saa ngapi? Kama ni alasiri, mletee TV. Projekta iwe ya wajukuu na ya usiku wa Ijumaa.

Fundi, naomba unisaidie kabla dari halijaharibika. Mume wangu kanunua projekta, kwenye kitabu imeandikwa 1.35:1, anataka kuifunga darini kama alivyoona kwenye video. Sebule urefu mita nne na nusu, katikati kuna pangaboi. Ananiambia mimi sijui. – Mama mwenye dari, Dodoma

Unajua, mama. Mpe hesabu hii.

Hiyo 1.35 ni ya kuzidisha upana wa picha. Akitaka inchi 100, upana mita 2.21, lenzi ikae mita tatu kasoro kidogo kutoka ukutani. Akiirudisha mpaka ukuta wa nyuma picha itapita inchi 130, itamwagikia kwenye dirisha na mwanga utakuwa mwembamba. Hizi za bei nafuu hazina zoom ya lenzi. Ile ya kwenye rimoti inapunguza picha kwa kutupa pikseli tu. Kwa hiyo mahali ni hapohapo, mita tatu. Pangaboi liko katikati ya chumba, mita mbili na robo kutoka ukutani, yaani mbele ya projekta, na mapanga yake yananing'inia usawa uleule. Kila mtu kwenye filamu atakuwa anakatwa kichwa mara kadhaa kwa sekunde. Wazime feni basi, Dodoma ya Oktoba, mashine yenyewe inatoa joto, tuone nani atamaliza filamu.

Dari lako kama ni jipsamu halishiki skrubu ya mzigo. Lazima afike kwenye mbao za kenchi, na huko juu chini ya bati mchana ni tanuri. Kisha waya wa HDMI wa mita kumi, waya wa umeme, na kila vumbi likijaa apande ngazi.

Aiweke kwenye meza nyembamba au stuli kati ya viti viwili, lenzi itazame ukuta kwa kunyooka. Akiiinamisha au kuikalisha upande, picha inakuwa na umbo la ndoo, na atakimbilia kitufe cha keystone. Hicho kinanyoosha picha kwa kuacha pikseli za pembeni bila kazi, umelipia full HD unatumia pungufu. Asogeze stuli, asiguse kitufe. Kama ni lazima ikae juu, apige shelfu imara kwenye ukuta wa pembeni usawa wa ile mita tatu na aichomoze kwa mkono wa chuma, chini ya mapanga.

Kabla ya lolote, mpe futi kamba apime kutoka darini hadi kwenye panga la feni, kisha apime kimo cha projekta ikiwa imening'inia. Aziandike hizo namba mbili kwenye karatasi, ndipo akatafute drili.